Amplifaya ya valvu kwa hedifoni: hesabu huanzia sikioni, ujenzi huanzia kwenye plagi

Amplifaya ninayoielekeza hapa ina valvu mbili tu (vioo visivyo na hewa ndani vinavyodhibiti mkondo wa umeme), 6SN7 na 6080, na haina transfoma ya kutolea sauti. Inafaa hedifoni zenye ukinzani mkubwa, kuanzia omu 250 hadi 600, kama vile Sennheiser HD 650 au Beyerdynamic DT 880 ya omu 600. Mwenye hedifoni za omu 32 asiijenge, na sababu yake itaonekana katika hesabu.

Kabla ya yote, fahamu kwamba ndani ya boksi hili kutakuwa na volti 200 za mkondo mnyoofu, zinazotosha kabisa kumuua mtu, na kwamba volti hizo hubaki ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa. Ikiwa hujawahi kutengeneza hata pawasaplai ndogo ya volti 12, anza na hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu ya hedifoni

Wengi huanza kwa kununua valvu, kwa kuwa ndizo zinazopendeza macho. Mimi huanza na karatasi. HD 650 ina ukinzani wa omu 300, na kwa mujibu wa mtengenezaji wake volti 1 huifanya itoe desibeli 103. Tukitaka kilele cha desibeli 110, kiwango ambacho hakuna anayepaswa kukisikiliza kwa muda mrefu, tunahitaji desibeli 7 za ziada, yaani volti 2.24. Gawa kwa 300 upate miliampea 7.5, zidisha volti kwa mkondo huo upate miliwati 17 hivi.

Hiyo ndiyo kazi yote tunayoitaka. Kwa nguvu ndogo namna hiyo hakuna haja ya kukimbilia volti 400, na fedha unayookoa hapo utaihitaji kwenye pawasaplai, kwa sababu hedifoni hukaa karibu mno na ngoma ya sikio na mvumo ambao spika ya sebuleni ingeuficha, yenyewe huuanika.

Hatua ya 2: Valvu ya kutolea sauti

6080 ni trayodi mbili ndani ya kioo kimoja, nusu moja kwa kila upande wa sauti. Trayodi ina sehemu tatu: kathodi inayotoa elektroni, anodi inayozipokea, na gridi iliyo katikati inayozidhibiti. Haikubuniwa kwa ajili ya muziki bali kwa ajili ya kudhibiti volti katika pawasaplai, na kwa sababu hiyo hupitisha mkondo mwingi kwa volti kidogo. Ukuzaji wake ni 2 tu na ukinzani wake wa ndani ni omu 280. Sauti tutaichukua kwenye kathodi, si kwenye anodi. Katika mpangilio huo ukinzani wa kutolea ni ule wa ndani ukigawanywa kwa ukuzaji pamoja na 1, yaani 280 kwa 3, karibu omu 93. Takwimu ya omu 280, hata hivyo, hutolewa kwa mkondo wa miliampea 125, na sisi tutatumia chini ya theluthi moja ya huo, kwa hiyo tegemea omu 100 hadi 150. Mbele ya hedifoni ya omu 300 hilo linavumilika. Mbele ya hedifoni ya omu 32, sehemu kubwa ya sauti ingebaki ndani ya valvu na besi ingelegea.

Unganisha anodi moja kwa moja na volti 200, na kathodi na ardhi kupitia rizista ya omu 3,000. Gridi itapata volti 90 kutoka kwenye anodi ya 6SN7 bila kapasita katikati. Kathodi itatulia karibu na volti 115, na mkondo utakuwa miliampea 38. Kilele cha mkondo wa muziki hakizidi miliampea 11, hivyo nafasi ni kubwa. Joto la kila nusu ya valvu litakuwa wati 3.2, ilhali kikomo chake ni wati 13. Rizista yenyewe itatoa wati 4.4, basi nunua ya wati 10 au zaidi na usiiweke karibu na kapasita yoyote.

Hatua ya 3: Valvu ya kukuza

6SN7 ni trayodi mbili zenye ukuzaji wa 20, na ni valvu yenye historia: kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa imejaa valvu za aina hii. Weka rizista ya omu 22,000 ya wati 2 kati ya volti 200 na anodi, na rizista ya omu 330 kati ya kathodi na ardhi. Anodi itakaa kwenye volti 90, mkondo utakuwa miliampea 5, na kathodi itakuwa na volti 1.6. Sipendi kuweka kapasita sambamba na ile ya omu 330. Ukuzaji hupungua kidogo lakini sauti hunyooka, na tayari tunao ukuzaji wa kutosha. Kwa jumla amplifaya itakuza takriban mara 5.

Gridi ya 6SN7 ilishwe na potenshiometa (kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti) ya omu 50,000 ya aina ya logi, kupitia rizista ya omu 1,000 iliyochomelewa kwenye mguu wenyewe wa soketi. Rizista nyingine kama hiyo iwekwe kwenye gridi ya 6080.

Sehemu inayosahaulika ni dayodi moja ya 1N4007 kwa kila upande, kati ya gridi na kathodi ya 6080, mshale ukielekea kwenye kathodi. Valvu zikiwa bado baridi 6SN7 haipitishi mkondo, kwa hiyo anodi yake hupanda hadi volti zote za pawasaplai na kuzibebesha gridi ya 6080 huku kathodi ikiwa kwenye sifuri. Dayodi hiyo huondoa mgogoro huo, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya daladala.

Hatua ya 4: Pawasaplai

Kila upande unakula miliampea 43, jumla 86. Agiza transfoma yenye volti 160 kwa miliampea 200, na volti 6.3 kwa ampea 4, kwa kuwa filamenti, yaani waya wa kupasha valvu joto, ya 6080 peke yake inakula ampea 2.5 na ya 6SN7 ampea 0.6. Fundi anayesuka mota anaweza kukusukia, lakini mwambie aweke tabaka la kutosha la karatasi ya kuhami kati ya msuko wa umeme wa ukutani na misuko mingine, kisha upime wewe mwenyewe. Transfoma yangu ya kwanza ilisukwa vizuri kwa macho, ikanguruma kama jenereta, kwa sababu bamba zake za chuma hazikuwa zimekazwa wala kuzamishwa kwenye vanishi.

Volti 160 za mkondo geu zikipita kwenye dayodi nne hufikia kilele cha volti 224. Fuata mfuatano huu: kapasita ya mikrofaradi 100, choki (koili yenye kiini cha chuma inayolainisha mkondo) ya henri 10 inayohimili miliampea 125 au zaidi, kapasita ya mikrofaradi 220, rizista ya omu 100 ya wati 5, halafu kapasita nyingine ya mikrofaradi 220. Kapasita zote ziwe za volti 350. Mwishoni utapata volti 195 hadi 205. Baada ya kapasita ya kwanza mawimbi yanaweza kufikia volti 8. Choki na kapasita inayoifuata huyashusha hadi milivolti 8 hivi, na kipande cha mwisho huyafikisha chini ya milivolti 1. Kuna wanaoiacha choki kwa sababu ni nzito na ghali. Mimi ningeacha rangi ya boksi kabla ya kuacha choki.

Sambamba na kapasita ya mwisho weka rizista ya omu 33,000 ya wati 5, ambayo itazimwaga kapasita zote ndani ya dakika mbili baada ya kuzima. Kisha weka mgawanyo wa omu 220,000 na omu 47,000 kutoka volti 200 hadi ardhini, wenye kapasita ya mikrofaradi 47 kwenye rizista ya chini. Hapo katikati pana volti 35, nazo ziunganishwe na filamenti kupitia rizista mbili za omu 100, moja kwa kila waya. Filamenti ikikaa juu ya kathodi ya 6SN7 namna hiyo, mvumo wa hezi 50 hupungua sana.

Hatua ya 5: Boksi na mpangilio

Tumia bamba la alumini la milimita 2 au 3. Transfoma ikae pembe moja, 6SN7 pembe ya mbali nayo.

Kabla hujatoboa matundu ya choki, fanya jaribio hili. Washa transfoma pekee, vituo vyake vyote vikiwa vimefunikwa, na uunganishe hedifoni kwenye nyaya mbili za choki ambayo haijaunganishwa na kitu kingine. Utasikia mvumo. Zungusha choki na kuisogeza mpaka mvumo upotee au ukaribie kupotea, kisha chora alama hapo hapo. Nimewahi kuona sentimita tatu zikileta tofauti ambayo kapasita za bei kubwa hazikuileta.

Valvu zote mbili hutumia soketi ya miguu minane yenye mpangilio uleule: 1 na 4 ni gridi, 2 na 5 ni anodi, 3 na 6 ni kathodi, 7 na 8 ni filamenti, ukiitazama kutoka chini na kuhesabu kwa kufuata mwelekeo wa saa kuanzia kwenye ufunguo, yaani mkato ulio katikati ya soketi. Ni urahisi mkubwa wakati wa kuunga nyaya, na ni mtego pia, kwa kuwa hakuna kitakachokuzuia kuzichomeka kinyume. Andika majina ya valvu kwenye bamba lenyewe.

Hatua ya 6: Kuunga nyaya

Sasa tunajenga kwa kwenda mbele. Waya wa ardhi wa plagi ufungwe kwa bolti yake peke yake kwenye boksi, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma kionekane. Waya wa moto upite kwenye fyuzi ya ampea 1 ya aina inayochelewa kukatika, kisha kwenye swichi. Nyaya za filamenti zisokotwe kwa kubana na zipite kwenye kona za boksi, mbali na ingizo.

Ardhi ya sauti ikusanywe mahali pamoja, kwenye upande hasi wa kapasita ya mwisho, na kutoka hapo waya mmoja uende kwenye boksi. Soketi za kuingizia sauti zihamiwe zisiguse bamba. Zikigusa, ardhi itakuwa na njia mbili, na mvumo utakaotokea utakufanya ubadilishe valvu nzima nzima bila sababu.

Kutoka kwenye kathodi ya 6080 sauti ipite kwenye kapasita ya mikrofaradi 100, ambayo mbele ya omu 300 hukata besi karibu na hezi 5. Kapasita hii ndiyo pekee inayozitenga volti 115 na kichwa cha msikilizaji. Nunua mpya, ya volti 350, na kamwe usitumie iliyong'olewa kwenye televisheni ya zamani. Upande wa hedifoni weka rizista ya omu 2,200 kwenda ardhini.

Hatua ya 7: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Unganisha balbu ya zamani ya wati 60 kwa mfululizo na waya wa moto, na usichomeke valvu. Balbu ikimulika kwa muda mfupi kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna mguso mahali fulani. Kisha iondoe balbu na upime: volti kuu zitakuwa 220 au zaidi kidogo kwa sababu hakuna mzigo. Zima, subiri dakika mbili, pima tena uhakikishe zimekwisha, ndipo uchomeke valvu.

Washa, mkono mmoja ukiwa mfukoni, na upime baada ya dakika moja. Anodi za 6SN7 ziwe kati ya volti 80 na 100, kathodi za 6080 kati ya 105 na 125, filamenti kati ya 5.7 na 6.9. Umeme wetu hupanda na kushuka, kwa hiyo pima asubuhi na upime tena jioni. Upande mmoja ukitofautiana na mwenzake kwa zaidi ya volti 15, badilishana rizista kabla ya kuilaumu valvu.

Mwisho pima volti za mkondo mnyoofu kwenye soketi ya hedifoni. Baada ya dakika chache ziwe chini ya milivolti 50. Ukikuta mamia ya milivolti, kapasita ya kutolea inavuja na ni lazima ibadilishwe.

Hatua ya 8: Ukisikia mvumo

Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukitoweka, unatoka kwenye waya wa kuingizia au chombo kinachocheza muziki. Ukibaki, usikilize: ule mzito wa hezi 50 hutoka kwenye filamenti au kwenye usumaku wa transfoma, na ule mkali kidogo wa hezi 100 hutoka kwenye uchujaji wa pawasaplai, hivyo kagua lehemu za kapasita na choki. Anayeishi pwani akague pia miguu ya valvu na soketi, maana unyevu wa chumvi huweka kutu nyembamba inayosababisha mikwaruzo kila boksi linapoguswa.

Chomeka hedifoni dakika moja baada ya kuwasha, na uichomoe kabla ya kuzima, kwa sababu kathodi inapopanda na kushuka kapasita hupitisha msukumo mkubwa kuliko muziki wowote. Ukiona utasahau, ongeza rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kuchelewesha kwa sekunde 60.