Kikombe cha nanasi lililokatwa kina gramu ngapi?

Ukipima matunda kwa kikombe, unapima na hewa iliyo katikati ya vipande. Ndizi mbivu iliyokatwa vipande vya duara huwa gramu 150 hivi kwa kikombe. Ukiiponda, kikombe hichohicho hubeba gramu 225. Hapo ndipo keki ya ndizi inapobaki mbichi katikati, lawama ikaangukia oveni.

Kama mapishi yote yameandikwa kwa vikombe, usijisumbue. Chagua kikombe kimoja, kitumie tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu inahitajika pale matunda yametajwa kwa vikombe na sukari kwa gramu, au unapotaka kujua ununue kiasi gani sokoni.

Anza na kikombe chenyewe. Cha mapishi ya Kimarekani ni mililita 240 hivi, cha Australia ni 250, na kikombe kikubwa cha chai cha nyumbani kinaweza kufika 300. Weka kikombe kitupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha jaza maji hadi ukingoni: gramu utakazosoma ndizo mililita zake. Huna mizani? Fungua chupa mpya ya maji ya nusu lita. Ikijaza vikombe viwili na kubakiza kijiko kimoja cha chakula na ushee, kikombe chako ni cha 240.

Kwa kikombe hicho cha 240, vipande vya wastani vya matunda yaliyomenywa huwa na uzito wa karibu hivi:

nanasi au embe, gramu 165
tikitimaji au parachichi, 150
papai, 145
tofaa, 125
pasheni (rojo na mbegu zake), 236

Pasheni ni nzito karibu sawa na maji kwa sababu rojo haliachi nafasi ya hewa.

Kikombe chako kikiwa cha ukubwa mwingine, gawanya gramu hizo kwa 240, kisha zidisha kwa mililita zako. Nanasi kwenye kikombe cha 300 linakuwa gramu 206. Tuseme jamu inataka vikombe 4 vya nanasi na sukari gramu 500. Kwa kikombe sahihi una nanasi gramu 660. Kwa hicho cha chai una 825, na sukari haijaongezeka. Jamu itakataa kushika, na ukungu utaiwahi.

Unapojaza, tikisa kikombe mara moja tu, usikandamize. Nanasi na tikitimaji hutoa maji yakikaa kwenye bakuli, kwa hiyo chota vipande bila kumimina juisi iliyotuama chini, maana hiyo hujaza mapengo na kuongeza uzito. Matunda ya friza yapime yakiwa bado yameganda. Yakiyeyuka hulegea na kushikana. Na usipime kikombe kimoja kimoja: pima vinne kwa pamoja ugawanye, kosa la mkono linapungua.

Sokoni kumbuka maganda. Nanasi hupoteza karibu nusu ya uzito wake likimenywa na kutolewa moyo, papai karibu asilimia 40, embe kama 30 pamoja na kokwa. Kwa zile gramu 660, tafuta nanasi la kilo moja na nusu. La kilo moja na robo litakuacha pungufu kidogo.