Pima macho kabla ya kuomba urubani wa jeshi: mwongozo kwa walioko Mbeya, Iringa na Njombe

Kijana anayeomba kuwa rubani au afisa wa ndani ya ndege za jeshi anaweza kusafiri kutoka Mbeya hadi kwenye usaili Dodoma na kila kitu mkononi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha JKT, kitambulisho cha NIDA. Halafu akasimama mbele ya chati ya herufi na ndani ya dakika kumi safari ikaishia hapo. Nauli imekwenda, malazi yamekwenda, na alichoambiwa kule angeweza kukijua nyumbani. Kwa hiyo macho yatangulie, barua ya maombi ifuate.

Matangazo ya jumla ya kujiunga na JWTZ husema mwombaji awe na afya njema ya mwili na akili, basi. Kipimo kizuri cha kujipimia ni kile cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kwa marubani wa biashara, yaani cheti cha afya daraja la kwanza: kila jicho peke yake lione mbali angalau 6/9 (yaani ukiwa mita 6 usome mstari ambao mwenye macho ya kawaida huusoma akiwa mita 9), macho mawili pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Kwa karibu, usome maandishi madogo ya N5 ukiyashika umbali wa sentimita 30 hadi 50, na ya N14 yakiwa mita moja. Jeshi linaweza kudai zaidi ya hapo, hasa kwa anayeshika usukani. Jeshi la Wanamaji la Marekani, kwa mfano, humwekea rubani kikomo cha jinsi anavyoona bila miwani, ila afisa anayekaa kwenye kiti cha mitambo na ramani humruhusu hata kama bila miwani haoni vizuri, mradi miwani imfikishe kwenye 6/6 na rangi azitambue. Ukiwa na macho ya miwani, soma tangazo uone linaita watu wa kiti kipi. Na anayejifariji kwamba akikosa urubani ataenda kuongoza ndege mnarani ajue kuwa viwango vya ICAO vya kuona mbali kule ni vilevile, 6/9 na 6/6.

Pa kupimia papo: kitengo cha macho cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au cha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Ukiingia, sema mapema: "Daktari, napima kwa ajili ya kuruka na ndege." Usiposema hivyo utapimwa kama mtu anayetaka miwani ya kusomea. Ukisoma mistari michache utaambiwa uko sawa, nawe utatoka bila namba yoyote.

Kwenye chati, angalia umbali. Chati nyingi zimetengenezwa kwa mita 6. Chumba kikiwa kifupi hutumika kioo na mita 3. Ukisimamishwa mita 4 kutoka kwenye chati ya mita 6, majibu mazuri utakayopata ni ya uongo, na ukweli utakungoja Dodoma. Herufi ya mstari wa 6/6 kwenye chati ya mita 6 ina urefu wa karibu milimita 9, yaani chini kidogo ya sentimita moja, hivyo hata kwa rula ya shule unaweza kujua chati ni ya umbali gani. Ziba jicho kwa kadi au kiganja kilichokunjwa, usilibonyeze, maana jicho lililobonyezwa hubaki na ukungu zamu yake ikifika. Na usifinye macho. Kufinya kunasaidia kweli kuona, ndiyo maana mpimaji mzoefu hukukataza.

Hatua inayorukwa na wengi ni matone ya kulegeza macho, nayo ndiyo ya maana kuliko zote. Jicho la kijana wa miaka 20 lina misuli yenye nguvu inayobadilisha umbo la lenzi ya ndani. Misuli hiyo huweza kuficha kasoro ya kutoona vizuri vya karibu, ukasoma 6/6 bila tabu huku ndani ukihitaji lenzi ya diopta +2.00 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Huweza pia kukaza kwa kusoma na simu mpaka ukaonekana una kasoro ya kutoona vizuri vya mbali ambayo huna. Dawa inayotumika zaidi ni cyclopentolate ya asilimia 1. Huwekwa tone moja kila jicho, hurudiwa baada ya dakika chache, kisha unasubiri dakika 30 hadi 45 ndipo unapimwa. Ukipimwa dakika kumi tu baada ya tone la kwanza, misuli bado inafanya kazi na namba zitakazoandikwa hazitakuwa za kweli. Kataa kwa adabu, omba muda utimie.

Matone haya yana gharama zake. Mboni hupanuka, mwanga wa jua unauma, na maandishi ya karibu hayasomeki kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi kesho yake. Usiendeshe pikipiki. Nenda na miwani ya jua na mtu wa kukushika mkono, usipange kusafiri siku hiyohiyo, na fomu zako uzijaze kabla.

Mwishoni dai karatasi yenye namba. Karatasi nzuri husomeka hivi: jicho la kulia –0.75, silinda –0.50 (marekebisho ya jicho lisilopinda sawasawa pande zote), mhimili 180 (mwelekeo wa silinda hiyo). Bila miwani 6/12, kwa miwani 6/6. Halafu la kushoto vivyo hivyo, kisha macho mawili pamoja, na maelezo kama ulipimwa kwa matone au bila matone, tarehe, saini na muhuri. Karatasi inayosema "macho yako vizuri" haimsaidii daktari yeyote atakayekupima baadaye.

Rangi hupimwa kwa kitabu cha Ishihara, kile chenye vidoti vya rangi vinavyoficha tarakimu. Kishikwe sentimita 75 kutoka machoni, kwenye mwanga wa mchana unaoingia dirishani, si chini ya balbu ya njano, na ujibu kila ukurasa ndani ya sekunde tatu. Ukurasa wa kwanza, wenye 12, kila mtu huuona, kwa hiyo usijipongeze kwa huo. Kwenye toleo la kurasa 24 huhesabiwa kurasa 15 za mwanzo: ukipata 13 au zaidi rangi zako ni za kawaida, ukipata 9 au chini yake una upungufu. Kipimo cha kwenye simu si ushahidi, kwa sababu kioo cha simu hubadilisha rangi.

Upungufu wa nyekundu na kijani hauna tiba, na kwa mwanamume hutoka upande wa mama. Angalia wajomba zako. Kama kuna mjomba ambaye pale Ilula huchagua nyanya mbivu kwa kuzibonyeza kwa sababu rangi hazimpi jibu, pima rangi kabla ya kitu kingine chochote. Usinunue miwani au lenzi za rangi zinazotangazwa kuwa zinarekebisha tatizo hili. Kwenye upimaji wa anga hazikubaliki.

Anayevaa lenzi za kubandika machoni aziache mapema: zile laini wiki mbili kabla ya kupimwa, zile ngumu mwezi au zaidi. Zinabadilisha umbo la kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele. Ukizivua asubuhi na kupimwa mchana, kinachopimwa ni umbo la lenzi yako. Kuhusu upasuaji wa leza, usikimbilie kuufanya ili upate nafasi kabla hujajua jeshi linasemaje juu yake. Ukiwa umeshafanyiwa, tafuta karatasi za vipimo vya kabla ya upasuaji. Jeshi la Marekani, kwa mfano, hukataa mtu ambaye kabla ya leza alikuwa amepita diopta 8, hata kama leo anaona vizuri.

Mzio wa macho nao utibiwe mapema. Vumbi la kiangazi huku kwetu hufanya macho yawashe, na kuyapekecha mara kwa mara miaka nenda rudi kunahusishwa na kioo cha jicho kuchongoka kama koni, hali ambayo miwani ya kawaida haiwezi kuirekebisha vizuri. Kama namba za silinda zinapanda kila ukipimwa, mwambie daktari akague hilo.

Ukiitwa kwenye usaili, fika siku moja kabla. Basi la usiku linalopita Iringa na Mtera linakuacha na macho makavu, mekundu, na herufi za mstari wa chini huanza kuchezacheza. Lala. Ukivaa miwani, beba na ya akiba yenye namba zilezile, kwa sababu hata rubani mwenye leseni anatakiwa awe nayo karibu akiwa kazini.