Kuchagua Nimfu Zenye Uzito kwa Trauti wa Mito Midogo

Trauti wa mto mdogo hula zaidi chini, kati ya mawe, wanakopita tunutu wa wadudu wa majini. Nimfu, yaani chambo bandia cha kuiga tunutu hao kinachofungwa kwenye ndoana, isipofika huko ni pambo tu, hata ifungwe kwa ustadi gani. Ndiyo maana mimi huchagua uzito kwanza, rangi baadaye.

1. Soma maji kabla hujafungua kisanduku. Yakiishia magotini, ushanga wa kichwani mwa nimfu, ule unaoipa uzito, wa milimita 2 hadi 2.5 unatosha. Yakizidi goti na mkondo una nguvu, panda hadi 3. Ule wa 3.5 uhifadhi kwa ajili ya sehemu za mto zenye kina kirefu. Kwenye maji mafupi hutua kwa kishindo na samaki wakatimka.

2. Chagua ushanga wa madini gani. Tangsteni ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba ya njano kama 8.5. Kwa hiyo ukiwa na tangsteni hata nimfu ya ndoana ndogo, namba 16, inazama vizuri. Shaba ya njano nayo usiitupe: kwenye maji yanayotambaa ndiyo hupita bila kunasa.

3. Angalia mwili. Mwembamba hupasua maji, wenye manyoya mengi hukawia. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, alifunga nimfu yake kwa waya wa shaba nyekundu badala ya uzi, uzito ukakaa ndani ya mwili wenyewe. Mshipi wa mwisho, ule unaofungwa kwenye nimfu, nao una lake: wa milimita 0.12 huiacha nimfu izame upesi kuliko wa 0.18.

4. Ijaribu. Hatua hii usiiharakishe. Tupa kuelekea mto unakotoka, inua ncha ya ufito, ufuate mshipi bila kuuvuta. Tazama pale unapoingia majini. Ukienda sawa na mapovu, nimfu bado iko juu, kwa sababu maji ya chini huenda polepole zaidi. Ukichelewa kidogo nyuma ya mapovu na kushtuka mara mojamoja kwa kugusa jiwe, umepata. Ikinasa kila unapotupa, shuka nusu milimita ya ushanga. Isipogusa kitu, panda nusu. Usibadilishe aina ya nimfu kabla ya hapo.

5. Rangi: maji maangavu, ushanga mweusi au wa rangi ya shaba nyekundu; maji yenye tope, wa rangi ya dhahabu. Basi.

Ukifunga mwenyewe, tumia uzi wa rangi tofauti shingoni kwa kila uzito. Nimfu ikishalowa mkononi, milimita 2.5 na 3 hazitofautiki kirahisi kwa macho.