Chaza wabichi Mombasa: uliza kwanza, kisha kula

Kabla hujaagiza, muulize mhudumu: chaza hawa wametoka wapi, na wamevunwa lini? Mimi huenda siku za bamvua, maji yakipwa sana na miamba ikabaki wazi. Wa hori la Tudor siwali wabichi. Majitaka ya mji huingia mle.

Sahani ikifika, nusa. Harufu iwe ya bahari tu. Aliyekauka ndani ya ganda mrudishe, usione haya. Kamua ndimu kidogo, tone la pilipili, mnywe na maji yake, lakini mtafune! Ukimmeza mzima, ule utamu wa mwisho umekupita.

Mjamzito au mwenye ugonjwa wa ini aagize wa makaa, walioiva kabisa. Wakimiminiwa tui zito, hata mimi huwataka.