Namna ya Kuisoma Ramani ya Zamani ya Milima ya Kwenu

Ramani ya Taita aliyoniachia babu ilikaa miaka mingi imekunjwa mara nane sandukuni, hapa kwangu Kayole. Kama unayo ya kwenu, usiipige pasi, wala usiibandike selotepu ilipochanika; gundi yake huacha doa lisilotoka. Itandaze, ifunike kwa karatasi safi, uiwekee vitabu vizito juu siku kadhaa. Kisha ipige picha mchana karibu na dirisha, kipande kwa kipande, ufanyie kazi nakala.

Anzia pambizoni. Hapo pana mwaka, kipimo, na kama urefu ni wa futi au wa mita. Kilele cha Vuria, huko Taita, kina mita 2,208. Kwenye karatasi ya futi kinapita 7,200, usishtuke. Kwa kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Lakini njia za milimani hazinyooki: lalisha uzi juu ya njia, kona kwa kona, ndipo uupime kwa rula.

Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, ikibanana, ni mteremko mkali, ikiachana, pametulia. Inapokata mto hujikunja kama V, ncha ikitazama mto unakotoka. Kwenye mgongo wa mlima ncha hutazama bonde. Hili lilinisumbua sana, mpaka nilipoufuata mto mmoja kwa kidole kutoka chini kwenda juu.

Ukitaka kutumia namba za mahali (latitudo na longitudo) zinazoonyeshwa na simu, jihadhari. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi wa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, na simu hutumia mwingine, WGS 84, ambao ndio wa GPS. Tofauti ni takriban mita 300, yaani milimita 6 kwenye karatasi ya 1:50,000: nukta yako itaangukia kusini mwa mahali penyewe, basi isogeze kaskazini.

Ukikosa ukurasa wa jirani, uliza Survey of Kenya, idara ya serikali inayochora ramani, Ruaraka, Nairobi.

Vinukta vyeusi ni nyumba, na hapa ndipo ninapokaa usiku kucha. Nilimpigia mama simu: "Mama, kuna nyumba tatu ng'ambo ya kijito, upande wa Wesu." Akanyamaza kidogo, akazitaja zote, na nani aliyehama kwanza. Majina nayaandika kwa penseli kwenye nakala. Salio liliisha tukiwa nyumba ya kumi na moja, Jumapili tunaendelea.