Unataka kufuga mbwa? Soma hii kabla hujamleta nyumbani

Wengi wetu mtaani tunaleta mbwa kwa sababu moja tu, wezi. Mtu anaibiwa betri ya gari leo, kesho anapewa kitoto cha mbwa cha mwezi mmoja anakifunga mnyororo nyuma ya nyumba, jioni anakitupia ukoko wa ugali basi anasema anafuga. Ndugu yangu, hapo hujafuga, umefunga.

Tuanze na umri. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8, bado ananyonya na bado anajifunza kwa wenzake kwamba kung'ata kunauma. Akishafika kwako muite daktari wa mifugo au yule bwana mifugo wa kata, usisubiri aumwe. Minyoo wanazaliwa nayo wengi, kwaiyo dawa inaanza mapema kabisa, tangu wiki 2, inarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe kama miezi 3, afu unaendelea kwa ratiba ya daktari. Usipuuzie hii kama una watoto wanaocheza mchangani maana hiyo minyoo inawaingia na wao.

Sasa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa. Hapa naongea kwa uchungu kwa sababu mbwa wangu wa kwanza aliondoka hivi hivi, alianza kutapika asubuhi, jioni anaharisha damu, mimi nawaza labda kala kitu kibaya jalalani, siku ya tatu hayupo. Nilikuwa nimemchoma sindano moja ya chanjo nikajua nimemaliza. Sindano moja haitoshi! Inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na muda wote huo usimtembeze hovyo kwenye mbwa usiowajua. Tena kama mbwa alikufa kwa parvo hapo kwako usilete mdogo mwingine asiye na chanjo, kile kirusi kinakaa ardhini miezi mingi, hata mwaka.

Chanjo ya kichaa ni akifika miezi 3, halafu baada ya mwaka, na kuendelea kama kadi inavyosema. Itunze hiyo kadi kama cheti cha mtoto. Sikiliza na matangazo ya serikali ya mtaa hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure. Mtu aking'atwa osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, msipake chumvi wala pilipili wala mafuta ya taa, nendeni hospitali siku ileile hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa mwenyewe kama ni wa kujulikana msimuue haraka haraka, afungiwe aangaliwe siku 10.

Chakula sio lazima ununue cha dukani. Ugali na dagaa, vichwa vya kuku, utumbo uliochemshwa, anakula vizuri tu, ila usimpe ugali mtupu kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa acha kabisa, inapasuka vipande vikali inamchana tumbo, na vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo saa zote, sio mpaka ukumbuke.

Kuhusu mnyororo, mbwa anayefungwa usiku na mchana anakuwa mkali kwa kila mtu hata kwa watoto wako, na mwizi akija hana cha kufanya maana kafungwa. Mtengenezee banda lenye kivuli, sakafu iinuke kidogo mvua isimkute, usiku mfungulie ndani ya uzio. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Ukichukua jike jua kabisa mimba yake ni kama siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, sasa wale watoto wote unawapeleka wapi? Vile viroba vyenye watoto wa mbwa tunavyoviona jalalani vinatoka kwenye nyumba zetu. Muhasishe, yaani daktari amfanyie upasuaji asizae tena, dume pia.

Na ukisafiri, usimwachie sufuria la chakula cha siku 3 ukaondoka. Mpe jirani funguo, hela ya dagaa, ile kadi ya chanjo na namba ya daktari.