Kuchagua miwani ya jua kwa safari ndefu za baiskeli huku pwani

Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na nimeiendesha njia hiyo mara nyingi kiasi cha kujua jua litanikuta wapi. Ukitoka alfajiri kuelekea kaskazini, linachomoza baharini, mkono wako wa kulia. Ukirudi alasiri limeshahamia magharibi, na magharibi sasa ndiko kulia kwako. Jicho la kulia ndilo linaloumia kutwa, na upande huohuo ndio wa malori, yanayokuja na yanayokupita.

Miwani yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi tititi, maana nilidhani giza ndiyo kinga. Siku moja nikasimama karibu na daraja la Kilifi kunywa maji, jasho likinichuruzika. Nilipopanda tena, vioo vilikuwa vimetanda ukungu. Sikuliona shimo. Gurudumu la mbele likaingia, rimu ikapinda, goti likachubuka, na nyuma yangu nikasikia breki za matatu. Tangu siku hiyo nikiingia dukani naanza kuuliza hewa inapita wapi. Hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Thibitisha kinga ya mionzi

Tafuta maandishi UV400. Maana yake ni kwamba lenzi inazuia mionzi ya urujuanimno hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, yaani karibu yote inayodhuru jicho. Rangi ya kioo haikuambii lolote kuhusu hilo. Kioo cheusi kisicho na kinga ni kibaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni ikiwa gizani hupanuka, na mionzi ikapata mlango mpana zaidi wa kuingilia. Umewahi kukiona kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni, kwa wavuvi na watu wengine wanaoshinda juani? Mionzi hii ni mojawapo ya sababu zake kubwa, na upepo na vumbi huchochea. Sisi wa baiskeli tunakutana na vyote vitatu kwa pamoja.

Kibandiko chochote mtu anaweza kukichapisha, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni mashine ya kupimia lenzi iliyo katika maduka mengi ya miwani. Omba wakupimie, ni kazi ya dakika moja. Ukikosa, tumia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia: weka lenzi kati ya taa na noti. Alama za noti zikiendelea kung'aa vilevile, irudishe miwani hiyo. Usiiangalie taa yenyewe.

Hatua ya 2: Chagua kiwango cha giza

Ndani ya mkono wa miwani huwa pana namba ya daraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha kati ya asilimia 8 na 18 ya mwanga, na ndilo linalofaa kwa mchana wetu. Daraja la 2, asilimia 18 hadi 43, ni zuri siku za mawingu ya masika. La 4 liache: limekusudiwa theluji na milima mirefu, na halifai kuendeshea gari. Ukitoka kwenye uwazi wa mashamba ya mkonge ya Vipingo ukaingia chini ya kivuli cha miembe, ukiwa na daraja la 4 utaendesha kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Pima hewa

Hapa usiwe na haraka. Hewa ya pwani imeshajaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki, linabaki usoni. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unaifukuza hewa ya moto iliyo nyuma ya lenzi. Ukisimama, hewa hiyo inanasa hapo, inagusa kioo kilicho baridi kuliko ngozi yako, na ukungu unatanda. Ndiyo maana miwani inayoonekana safi kwa kilomita 40 inaweza kukuangusha kwenye tuta moja au kizuizi kimoja cha polisi.

Vaa miwani dukani ukiwa na helmeti yako mwenyewe. Nyusi zisiguse fremu. Kope zisiguse lenzi: pepesa macho mara kadhaa, ukihisi mkwaruzo, acha. Inama kana kwamba umeshika usukani, kisha tabasamu. Mashavu yakiinua miwani, hewa ya chini imezibwa. Mimi napenda fremu isiyo na ukingo wa chini, na matundu madogo kwenye pembe za juu za lenzi. Halafu omba ruhusa utoke nje, panda ngazi haraka mara mbili, usimame wima bila kutikisika. Ukungu ukija na kuondoka upesi, inafaa. Ukija ukakaa, unajua la kufanya.

Lakini usiifanye hewa kuwa kisingizio cha kununua miwani midogo. Lile jua la kulia nililolitaja hupenya pembeni, kwa hiyo lenzi ipinde kufuata uso hadi karibu na panja.

Ukiwa barabarani, shusha miwani hadi ncha ya pua kabla hujasimama, na ipandishe ukishaanza kwenda. Tabia hii imenifaa kuliko dawa yoyote ya kuzuia ukungu, maana dawa hizo huisha kadiri unavyofuta.

Hatua ya 4: Mshiko wakati wa jasho

Plastiki tupu huteleza. Tafuta mpira laini puani na kwenye ncha za mikono. Usiijaribu ukiwa mkavu: lowesha uso kwa maji, vaa, inama, tikisa kichwa kulia na kushoto. Mikono ya miwani ipite juu ya kamba za helmeti, na isigongane na ule mshipi unaokaza helmeti kisogoni, la sivyo kufika Kilifi kichwa kitakuwa kinagonga. Na angalia ukingo wa juu: ukiinama sana unatazama kupitia sehemu ya juu ya lenzi, na fremu nene hapo inaficha barabara.

Hatua ya 5: Rangi

Kijivu hakibadilishi rangi za vitu. Kahawia au shaba huonyesha vizuri mabonde na mashimo kwenye lami, na mimi natumia hiyo. Lenzi za polaraizi zinapendeza ukiwa kwenye ngalawa, kwa sababu zinaondoa mng'ao wa maji, lakini mng'ao huohuo ndio unaonionyesha oili iliyomwagika na lami yenye maji, na zinaweza kukifanya kioo cha simu au cha kifaa cha baiskeli kionekane cheusi. Kwa barabara sizipendekezi. Zile zinazobadilika zenyewe kwa mwanga hupungukiwa na giza kwenye joto kali, na hazibadiliki upesi unapoingia kivulini.

Kuhusu malighafi ya lenzi, chukua polikaboneti, aina ya plastiki ngumu. Haivunjiki vipande kokoto ikirushwa na tairi. Anayevaa miwani ya daktari aulize fremu ya michezo inayokubali lenzi za namba yake.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha itunze

Usiianzishe kwenye safari ndefu. Nenda nayo Mtwapa na kurudi, saa sita mchana, na usimame makusudi mara tatu nne.

Polikaboneti huchubuka kirahisi, na jasho likikauka huacha chumvi ambayo ni kama msasa. Nikifika Malindi sifuti kwa jezi hata kama sioni vizuri. Naimwagia maji ya chupa kwanza, pande zote mbili, hasa kwenye mpira wa pua ambako chumvi hujificha pamoja na losheni ya jua, naikung'uta, ndipo nafuta kwa kitambaa chake kikavu.